Mvua ya Kwanza ni ya Kuku

Vitabu vya bustani ambavyo wengi wetu tulivisoma shuleni, na karatasi za mbegu tuzinunuazo madukani mpaka leo, vimetungwa na watu wa nchi zenye majira manne, ambako ardhi hulala chini ya baridi kwa miezi kadhaa, kisha mwezi wa Machi ukiingia kila kitu hufunguka kwa pamoja: udongo hulainika, miti iliyopukutika huchipua, na kuku walioacha kutaga kwa sababu ya ufupi wa mchana hurejea viotani bila kuambiwa na mtu. Huko jua ndilo mnyapara wa kazi, na mkulima humfuata. Msomaji wa Bujumbura akizishika nasaha zile neno kwa neno, atasia mbegu zake katikati ya mvua nzito za Machi na Aprili, miche ioze kabla haijashika mizizi, naye alaumu mbegu. Mji wetu uko nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta. Mchana wake haurefuki wala haufupiki ila kwa muda usiofika nusu saa baina ya Juni na Desemba. Na kuku wetu, maadamu hawana habari ya siku fupi wala ndefu, hawangoji amri ya jua. Hutaga kwa amri ya chakula, na chakula huletwa na mvua.

Basi ikiwa nasi tuna haki ya kuwa na majira ya kuchipua kama wenzetu, yetu hayako Machi; yako Septemba na Oktoba, mwisho wa kiangazi kirefu ambacho Warundi hukiita Ici, na mwanzo wa msimu wanaouita Agatasi, ambao maofisa wa kilimo, kwa kupenda kwao wepesi, wameupa jina la Msimu A. Unaofuata, Impeshi, huanza Februari, nao ni Msimu B; na wa tatu, Msimu C, ni wa mabondeni na penye maji ya chini, wakati kwingineko kote kumekauka. Herufi hizo zina manufaa yake katika daftari za serikali, wala sina ugomvi nazo.

Anayetaka kuijua thamani ya Oktoba hana budi kwanza kuuvumilia Agosti katika uwanda wa Imbo. Vumbi na moshi wa nyasi zichomwazo milimani hutanda juu ya Ziwa Tanganyika hata milima ya Uvira, iliyo ng'ambo ya pili, ikatoweka kabisa, na mgeni aliyewasili Julai aweza kukaa mjini juma zima asijue kwamba mbele yake, nyuma ya ule weupe, imesimama milima mirefu ya Kongo. Huko Maramvya, upande wa kaskazini, ambako ukoo wetu una kishamba kisichofika nusu hekta, udongo mweusi mzito hupasuka nyufa za kutosha kummeza kifaranga. Kuku hukaa chini ya mwembe tangu saa nne ya asubuhi hadi saa kumi, midomo wazi, mabawa yameachana na mbavu ili upepo upite. Mitetea waliokuwa wakitaga kila siku hutaga siku moja na kuacha mbili. Na jimbi mwenyewe, ambaye mwezi wa Mei alikuwa akiwika kwa kila tukio, dogo na kubwa, huwika alfajiri kwa kutimiza wajibu tu kisha akanyamaza.

Hata hivyo ndio wakati wa kazi, kwa maana aliyengoja mvua inyeshe ndipo atafute jembe amekwisha chelewa. Matuta huinuliwa mapema, upana wa hatua moja na kimo cha kupita kifundo cha mguu, kwa kuwa mvua za Imbo hazidondoki, hushuka kwa kishindo, na udongo ule mweusi ukishiba maji huyakamata kwa siku nyingi na kuzizamisha pumzi za mizizi. Kitalu huwekwa karibu na kisima, chini ya kivuli cha makuti ya mchikichi yaliyotandazwa juu ya vijiti. Humo husiwa nyanya, kabichi, bilinganya na ile nyanya chungu ambayo hapa yaitwa intore, nayo hunyunyiziwa maji asubuhi na magharibi kwa kopo lililotobolewa tundu kwa msumari, kwa kuwa maji yakimwagwa kwa ndoo huzifukua mbegu na kuzikusanya zote pembeni. Lengalenga haihitaji kitalu. Mbegu yake ni ndogo kuliko punje ya mchanga, nyeusi na yenye kung'aa, na mkono wa binadamu hauna uwezo wa kuitawanya sawasawa; basi huchanganywa kwanza na mchanga mkavu, konzi moja ya mbegu kwa konzi nyingi za mchanga, ndipo hurushwa, na mchanga mweupe ukionekana juu ya tuta jeusi mpandaji hujua mahali alipopita na mahali alipopasahau.

Kisha hunyesha. Aghalabu huwa ni alasiri, baada ya siku mbili tatu za joto lisilo na upepo. Wingu hushuka kutoka milima ya upande wa mashariki, huivuka mitaa ya Kinama na Buterere, na kwa muda wa nusu saa hapana anayesikia asemalo mwenziwe kwa sababu ya mabati. Kesho yake milima ya Uvira iko mahali pake, mabonde yake yahesabika moja moja, na kila mwenye kipande cha ardhi baina ya Mutimbuzi na Kanyosha hushikwa na pupa ya kupanda.

Hapo ndipo mama mkubwa, aliye mkuu wa kishamba chetu tangu sisi ni wadogo, hutukataza. “Tulieni, wanangu,” husema. “Mvua ya kwanza ni ya kuku. Ya pili ndiyo yenu.” Kwa miaka mingi nililichukua neno hilo kuwa ni mzaha wa wazee, mpaka nilipolipima kwa matukio ya misimu iliyofuatana, nikaona kuwa ndani yake mna elimu mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni ya mvua yenyewe: ile ya mwanzo wa msimu haina dhamana, yaweza kunyesha kwa fahari siku moja kisha mbingu zikafunga majuma mawili au matatu, na mche uliohamishwa kitaluni kwa furaha ya siku ile ukasimama juani hali udongo unakauka chini yake tangu juu hadi kwenye ncha ya mzizi. Ya pili ni ya kumbikumbi.

Maji yakipenya ardhini baada ya ukame mrefu, mchwa hutoboa vichuguu vyao na kuwatoa wale wenye mabawa, maelfu kwa maelfu, waruke waoane waanzishe miji mipya. Hutoka magharibi au asubuhi ya pili, kutoka kila tundu la shamba. Huruka hatua chache, huanguka, huangusha mabawa, hutambaa wawili wawili. Na kuku, ambao tangu Juni wameishi kwa pumba na bidii, hukimbia huku na huku hawajui waanze na yupi, hula mpaka shingo zikavimba upande mmoja, kisha hukaa chini na kuendelea kula wakiwa wamekaa. Mafuta na nyama iliyomo katika mdudu yule ni chakula ambacho hakipatikani dukani kwa bei ya mtu wa kawaida. Baada ya siku chache upanga wa jimbi huwa mwekundu, mitetea huanza tena kupiga kelele zao za asubuhi, na tembe ambao hawajapata kutaga hata mara moja huonekana wakichungulia pembeni mwa nyumba, ndani ya madebe matupu na nyuma ya milango, wakitafuta mahali pa siri. Kama kuna kuchipua katika nchi yetu, basi mimi nakuona hapo kabla sijakuona katika mti wowote.

Lakini nimesema habari ya kuku kukimbia huku na huku, na hapana budi nieleze kwamba mambo yamebadilika. Mwezi wa Oktoba 2018 Burundi ilitoa sheria ya kufugia mifugo ndani, ikikataza wanyama wa nyumbani na ndege wafugwao kuzurura ovyo; watu wakapewa muhula wa miaka mitatu wa kujitayarisha, na kuanzia Oktoba 2021 ikawa haki kushikwa kwa ng'ombe, mbuzi, na hata kuku atakayekutwa njiani au katika shamba la mtu. Ng'ombe na mbuzi ndio waliotajwa zaidi katika mazungumzo ya siku zile, kwa kuwa ndio wakubwa na ndio waletao kesi. Kuku alipita katika sheria kama mtoto apitaye mlangoni pamoja na watu wazima. Na bado, nikitazama mitaa na vijiji vya kando ya mji, naona kuwa hakuna mnyama ambaye maisha yake yamegeuzwa na sheria ile zaidi ya yeye.

Siilaumu sheria hii, wala siisifu moja kwa moja. Yeyote aliyepata kusia lengalenga alfajiri na kuikuta saa tatu imechakurwa yote na koo mmoja mwenye watoto, ajua kwamba bustani na kuku huru havikai uwanja mmoja. Nusu ya magomvi ya ujirani niliyoyasikia katika maisha yangu yalianza kwa tuta lililochakurwa: huyu asema kuku si wake, yule asema mbona ana uzi mwekundu mguuni, na jioni kuku amekufa kwa sababu isiyojulikana. Sheria imeyapunguza hayo. Lakini kuku azururaye hujilisha mwenyewe. Hula wadudu, mbegu za magugu, ukoko wa ugali uliomwagwa, na kumbikumbi wa Mwenyezi Mungu. Na kuku aliyefungwa hula kutoka mkononi mwa mwenyewe tu. Mjane mwenye kuku watatu, ambao walikuwa ni benki yake isiyodai ada, alijikuta ana midomo mitatu zaidi ya kulisha. Mwenye mabanda ya kuku mia tano wa mayai hakuona tofauti yoyote, kwa kuwa wake hawakupata kutoka nje tangu walipoanguliwa. Na sheria ambayo uzito wake humwangukia mwenye kuku watatu na kumruka mwenye mia tano, hata ikiwa ni ya haki katika maneno yake, yastahili kutafutiwa tadbiri ya kuilainisha.

Tadbiri yetu kule Maramvya ni kizimba kisicho na sakafu. Ni fremu ya miti myepesi, urefu wa hatua nne na upana wa tuta, iliyozungushiwa matete yatokayo upande wa mto Rusizi na kufunikwa juu kwa wavu chakavu wa ndagala, yaani dagaa, tulionunua kwa wavuvi. Tundu zake ni ndogo hata mwewe hawezi kupitisha kucha. Watu wawili hukiinua na kukihamisha. Tuta likiisha kuvunwa, kizimba huwekwa juu yake, na kuku wale wale waliokuwa maadui wa bustani hupewa ruhusa ya kufanya yote waliyokatazwa: hula mabaki, huchimbua viwavi na mayai ya wadudu, huchakura magugu, huacha samadi, na baada ya siku chache huhamishiwa tuta la pili. Na mvua ya kwanza ikinyesha, kwa kuwa kuku hawawezi tena kuwaendea kumbikumbi, kumbikumbi huletwa kwa kuku: watoto huweka taa juu ya beseni la maji nje ya nyumba, wadudu huifuata nuru na kuangukia majini, na asubuhi mabeseni humiminwa kizimbani. Sehemu moja hubaki jikoni kukaangwa kwa chumvi, maana watoto nao wana haki yao.

Samadi iangukayo bandani ni habari nyingine. Ya kuku ni kali. Iliyo mbichi ikiwekwa kwenye shina la nyanya leo, kesho kutwa majani yamejikunja kingo na mmea umeungua. Sharti ichanganywe na majani makavu, irundikwe kivulini tangu Julai, igeuzwe kila juma moja au mawili, mpaka ile harufu ya kuwasha macho iishe na mkono ukitiwa ndani ya lundo usihisi tena joto. Columella, Mrumi mzaliwa wa Gades katika Hispania, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza, aliipanga samadi ya ndege kwa madaraja: ya njiwa mbele, ya kuku nyuma yake, na ya bata na bata bukini akaikataza kuwa ina madhara. Karne kumi na moja baadaye Ibn al-Awwam wa Ishbilia alitunga kwa Kiarabu kitabu kikubwa cha kilimo, naye hakuona haya kuwatia ndege wa nyumbani katika kitabu kimoja na mizabibu na mizeituni. Mama mkubwa hakupata kuwasikia wawili hao, lakini juu ya kuku anaafikiana na Columella, na juu ya bata anampinga waziwazi. Bilinganya zake hupata samadi ya bata kila mwaka, na mimi nikizitazama sina hoja ya kumtetea Mrumi.

Ajuaye kuku hujua kuwa jambo lenyewe ni koo. Kuku wa kizungu waliozalishwa kwa ajili ya mayai wamesahaulishwa kuatamia, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa siku ambazo mama hulalia mayai ni siku ambazo hatagi. Wa kienyeji hajasahau. Mwishoni mwa Septemba mmoja wao hukataa kutoka kiotani, hutuna manyoya, hunguruma kwa sauti ya chini usiyoisikia wakati mwingine wowote wa mwaka, na ukimpelekea mkono huudonoa. Huyo ndiye. Huandaliwa kikapu kipana chenye majivu chini na nyasi kavu juu yake, pamoja na majani ya mwarobaini kuwazuia utitiri, ambao humnyonya koo usiku hata akayakimbia mayai. Mayai huteuliwa: yasiwe ya zaidi ya juma moja, yasiwe na nyufa, yasiwe marefu kupita kiasi, kumi hadi kumi na matatu, kwa kadiri ya upana wa kifua chake. Huwekwa chini yake usiku, gizani, naye huyapokea kwa mdomo, moja moja, akiyasukuma chini ya mbavu.

Tangu hapo ni siku 21, na katika siku hizo koo hutoka mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, kula, kunywa na kujigaragaza vumbini, kisha hurejea kwa haraka. Mayai huyageuza mwenyewe mara nyingi usiku na mchana. Ya kando huyaleta katikati na ya katikati huyapeleka kando, ili joto ligawanyike kwa insafu. Siku ya saba tunayapima kwa tochi ya simu ndani ya chumba cha giza. Yai lililo hai lina doa jeusi lenye mishipa myekundu myembamba iliyotawanyika pande zote. Lisilo na kitu hupitisha nuru nyeupe tupu, hilo hupikwa. Na yai viza, lenye pete ya damu au uji unaocheza, hutolewa kwa uangalifu kabla halijapasuka na kuchafua jamii nzima. Siku ya 20 ukiliweka yai sikioni utasikia mlio ndani yake, na koo aujibu kutoka juu. Mazungumzo hayo ya mama na watoto ambao bado hajawaona, nikiwa mtu mzima niliyezoea mengi, bado hunifanya nisimame kwenye mlango wa banda kwa muda usio na hesabu katika kazi za siku.

Hesabu ni nyepesi: koo aliyewekewa mayai mwishoni mwa Septemba huangua baada ya kati ya Oktoba, wakati ambapo mvua ya pili imekwisha shika, miche imehamishwa, majani machanga yamejaa, na kila jioni wadudu wanatoka ardhini. Kifaranga wa wakati huo hukua kwa nusu ya gharama ya yule wa Julai.

Lakini ndio wakati wa kideri vilevile. Maradhi hayo, ambayo wataalamu huyaita kwa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza yalikotambuliwa mwaka 1926, hupenda kutufikia mwisho wa kiangazi, na dalili zake kila mfugaji azijua kwa huzuni: kuku husinzia, hukohoa, huharisha kijani, shingo hupinda hata kichwa kikatazama mgongoni, na banda lililokuwa na kuku thelathini Jumatatu laweza kuwa na wanne Ijumaa. Dawa ya kuponya haipo. Chanjo ipo, na iliyo bora kwa watu wa hali yetu ni ile iitwayo I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia na kuenea Tanzania na Msumbiji, ambayo hustahimili joto kuliko zilizotangulia na hutiwa tone moja jichoni, kisha hurudiwa baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko alionao mtu mmoja. Basi mwenye kuku saba hulazimika kupatana na mwenye kumi na mwenye ishirini, siku moja, saa moja, kabla chupa iliyofunguliwa haijaharibika. Nimewaona watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya tuta lililochakurwa wakishikiana kuku asubuhi ya chanjo.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Pumba za mpunga hupatikana kwa mashine za kukoboa za Gihanga na Mutimbuzi. Machicha ya Brarudi, kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1955, hugombewa na wenye ng'ombe na nguruwe, nasi hatuyataki. Vumbi la ndagala, lile libakialo chini ya magunia, ndilo tulitafutalo zaidi, na mnunuzi asishangae bei yake ikipanda na kushuka kila mwezi: ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupata haba. Mwenye kuku wa Bujumbura, ajue asijue, hutazama mwezi pamoja na wavuvi.

Wengine watauliza imekuwaje watu wa mjini kama sisi, tena wa Buyenzi, kuwa na mikono ya udongo. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, wana wa wale waliotoka Ujiji, Manyema na kwingineko, wakakusanyika katika mji wa Usumbura ulipokuwa kituo cha Wajerumani na baadaye cha Wabelgiji. Njia zake zikaitwa kwa nambari, viwanja vyake vikawa vidogo, na sifa ya wenyeji wake ni biashara, ufundi wa magari na ushonaji kuliko jembe. Lakini hapakupata kuwa na uwanja wa Buyenzi usio na kuku. Mgeni wa heshima hakaribishwi kwa mboga peke yake. Akika, arusi, khitima na Idi zote zina hesabu yake katika banda. Kishamba cha nje ya mji kilikuja baadaye, na kilichotupeleka huko ni kuku: uwanja ulipojaa watoto na vyumba vya kupangisha, ndege walihamishwa, na sisi tukawafuata kwa baiskeli kila Jumamosi, kisha tukaona ni upuuzi kuwafuata mikono mitupu, tukabeba mbegu.

Nao wa karibu na ziwa wana taabu zao. Tangu 2020 maji ya Tanganyika yamepanda kwa kadiri ambayo wazee huilinganisha na mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka 2024 Gatumba ilizama kwa mara nyingine, nyumba na mashamba, watu wakapita kwa mitumbwi mahali palipokuwa na barabara. Huko hata kiboko huingia bustanini usiku, naye hali tuta, hulivuka tu, na asubuhi hapana tuta. Ukisikia mtu wa Kajaga akilalamika juu ya kuku wa jirani, ujue amepata nafuu.

Sasa jambo linalotushughulisha ni kalenda. Pora walioanguliwa Oktoba huwa tayari kuuzwa mwezi wa tano au wa sita wa umri wao, nasi miaka hii tumebahatika, kwa kuwa Idi ya mfungo imekuwa ikiangukia Machi na kuku wetu huingia sokoni Ruvumera siku zile zile wanapotakiwa. Lakini mwaka wa mwezi hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka wa jua, na mvua haiufuati mwandamo. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na Idi ya kwanza itakuwa Februari. Ili kuwa na pora kwa Idi hiyo itatupasa kuatamisha Julai au Agosti, katikati ya vumbi, bila kumbikumbi, kwa chakula cha kununua. Shemeji yangu, mwenye duka na mwenye hesabu, asema bei ya Idi italipa gharama yote na kubakiza faida. Mama mkubwa asema hatamlazimisha koo kulea watoto wakati wa njaa kwa ajili ya soko, na wakati huo yeye atauza bata, ambao hawaogopi kideri kama kuku. Na ili kuonyesha kwamba hasemi maneno matupu, juzi aliyatia mayai ya bata chini ya koo mwekundu, ambaye itambidi akae siku nyingi zaidi kuliko alizozizoea. Shemeji ameuliza ni nani atakayewanunua bata hao. Mama mkubwa amemtaka kwanza akatengeneze beseni la kuogea.